Kwa nini jaji mmoja wa Seattle anaweza kumsimamisha rais wa Marekani

Tangu Trump arudi Ikulu Januari 2025 kuna swali halikauki, vijiweni, kwenye magrupu ya WhatsApp, hata kwenye daladala kama redio iko kwenye taarifa ya habari: hivi huyu rais wa Marekani ana nguvu au hana? Maana leo unasikia kasaini amri misaada ya nje isimame siku 90, na kweli kliniki za VVU huku kwetu zilizokuwa zinategemea hela hizo zikaambiwa zisimamishe kazi, baadae unasikia jaji kasema waliokwishafanya kazi walipwe, alafu Machi Mahakama ya Juu inamuunga mkono yule jaji kwa kura 5 kwa 4. Au ile amri ya kufuta uraia wa kuzaliwa kwa watoto wa wageni wasio na vibali vya kudumu, kaisaini tarehe 20 Januari, tarehe 23 jaji mmoja wa Seattle kaipiga stop nchi nzima. Na huyo jaji aliteuliwa na Reagan, yaani rais wa Republican kama Trump mwenyewe.

Ukiangalia kwa macho ya huku unaona ni vurugu tupu, mkubwa kasema na mdogo kakataa. Ila ukirudi nyuma mpaka mwaka 1787 unakuta wale jamaa walioandika ile katiba walikuwa wanaogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, wanaogopa mfalme na wanaogopa serikali lege, na karibu kila kitu kinachotushangaza pale kinatoka kwenye hizo hofu mbili zinavyovutana.

Kwanza tuweke maneno sawa, maana nusu ya ubishi unatokana na kudhani vyao ni kama vyetu. Kongresi ndo bunge lao na lina nyumba mbili. Kuna Baraza la Wawakilishi, wabunge 435 wanaogawanywa kwa idadi ya watu na wanarudi kwa wapiga kura kila miaka miwili, na kuna Seneti, maseneta 100, wawili kila jimbo, miaka sita. Waziri mkuu hakuna. Mawaziri sio wabunge, ukipewa uwaziri unaacha ubunge, kama Kenya wanavyofanya tangu katiba yao ya 2010 na tofauti na Tanzania ambako waziri lazima awe mbunge. Rais hawezi kuvunja Kongresi, na Kongresi haiwezi kumpigia rais kura ya kutokuwa na imani naye. Na jimbo kule sio jimbo la uchaguzi wala sio mkoa, mkoa wetu umeanzishwa na serikali kuu na mkuu wake anateuliwa na rais, wakati jimbo la Marekani lina katiba yake, gavana wa kuchaguliwa, bunge lake na mahakama zake, na yale 13 ya mwanzo yalikuwepo kabla hata hiyo serikali kuu haijazaliwa. Hilo la mwisho usilisahau. Nikisema serikali ya shirikisho namaanisha ile ya Washington.

Sasa kuna kitu watu wanachanganya sana: uhuru na katiba. Azimio la Uhuru ni la Julai 4, 1776, liliandikwa zaidi na Thomas Jefferson, na humo ndo kuna yale maneno ya watu wote kuumbwa sawa. Katiba imekuja miaka 11 baadae na hayo maneno hayamo. Jefferson wala hakuwepo ikiandikwa, alikuwa Paris ni balozi. Anayeitwa baba wa katiba ni James Madison wa Virginia, na alikuwa na miaka 36 tu.

Katikati hapo kulikuwa na serikali nyingine ambayo wengi hatujawahi kuisikia. Baada ya kupigana na mfalme wa Uingereza, majimbo 13 hayakutaka kuunda bwana mwingine, kwa hiyo wakaandika Makubaliano ya Shirikisho yaliyoanza kazi rasmi 1781, na ukitaka kuyaelewa fikiria kikoba chenye wanachama 13 ambacho hakina faini. Katibu anaandika barua, tunaomba mchango wa mwezi huu, anayetaka analeta, asiyetaka anakausha, na hakuna wa kwenda kumgongea mlango. Kila jimbo kura moja, liwe na watu laki tano au elfu sitini. Jambo zito lazima majimbo 9 yakubali, na kubadilisha katiba ya kikoba chenyewe lazima wote 13, bila kukosa hata mmoja. Rais mtendaji hakuna, mahakama za kitaifa hakuna, na kutoza kodi Kongresi ilikuwa hairuhusiwi. Walipojaribu kuomba angalau ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zinazotoka nje ili walipe madeni ya vita, Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, kakasema hapana na mpango ukafa pale pale.

Madeni yenyewe yalikuwa hayachekeshi. Wanajeshi waliopigana vita walirudi nyumbani na makaratasi ya ahadi badala ya mshahara, wengine wakayauza kwa bei ya kutupa kwa sababu watoto wanataka kula. Massachusetts ikapandisha kodi, na ikataka ilipwe kwa fedha taslimu ambazo mkulima wa kule magharibi ya jimbo hana, mahakama zikaanza kuuza mashamba na ng'ombe. Mwaka 1786 wakulima wakachoka, wakaenda kuzingira mahakama ili zisikae, kiongozi mmojawapo Daniel Shays ambaye alikuwa kapteni kwenye vita vya uhuru, na Januari 1787 wakaivamia ghala ya silaha ya Springfield wakapigwa mizinga, wanne wakafa. Kinachoniacha hoi mimi sio vita, ni kwamba serikali ya shirikisho haikuweza kukusanya jeshi la kuzuia na hazina ya jimbo ilikuwa haina kitu, ikabidi matajiri wa Boston wachangishane mifukoni kulipa askari. Serikali inaokolewa na wafanyabiashara kwa harambee! Matajiri nchi nzima wakashtuka, na kile kikao cha wajumbe wa majimbo kule Philadelphia ambacho kilikuwa kinapigiwa debe bila hamasa ghafla kikapata watu.

Kikao kilianza Mei 25, 1787, wajumbe 55 kwa jumla walipita pale ingawa sio wote kwa siku moja, Rhode Island ikagoma kuleta mtu. Waliitwa kurekebisha yale makubaliano, wao wakayaweka pembeni wakaandika kitu kipya kabisa, ukipenda iite mapinduzi ya wanasheria. Na walifanya kwa siri: walinzi mlangoni, madirisha yamefungwa joto la Juni likiwa limeiva, kunakili kumbukumbu za kikao bila ruhusa marufuku. Mjumbe mmoja wa Georgia, William Pierce, ameacha kisa kinachoonyesha hali ilivyokuwa. Kuna mtu aliangusha nakala ya mapendekezo nje ya ukumbi, ikaokotwa ikapelekwa kwa George Washington aliyekuwa mwenyekiti. Washington akanyamaza nayo siku nzima, jioni wakati wa kufunga akasimama, akawasema kwamba mambo ya kikao yakivuja magazetini yatavuruga nchi, akaitupa ile karatasi mezani, akasema mwenyewe aje achukue, akainama kidogo kwa heshima, akabeba kofia yake akatoka. Hakuna aliyejitokeza kuidai. Pierce anasema alijipapasa mfukoni hakuona nakala yake, roho ikamruka, kumbe ilikuwa kwenye koti alikofikia. Ile karatasi haikupata mwenyewe mpaka mwisho.

Tumejua yaliyosemwa ndani kwa sababu Madison alikuwa anaandika kila siku, na daftari zake zikatolewa 1840 akiwa ameshakufa. Ugomvi mkubwa ulikuwa majimbo makubwa na madogo. Virginia inataka bunge lihesabu watu, Delaware na New Jersey zinasema sisi tutamezwa. Julai 16 wakapitisha suluhu kwa kura ya kukaba koo: nyumba moja ihesabu watu, nyingine ihesabu majimbo sawa kwa sawa. Ndo maana leo California yenye watu karibu milioni 39 ina maseneta wawili, na Wyoming isiyofika hata laki sita ina wawili. Ukiuliza hii ni demokrasia gani, jibu ni kwamba Seneti haikutengenezwa kuwakilisha watu, ilitengenezwa ili majimbo madogo yasiondoke mezani. Mpaka 1913 maseneta walikuwa hata hawachaguliwi na wananchi, walichaguliwa na mabunge ya majimbo.

Suluhu nyingine ilikuwa chafu na sio vizuri kuipita haraka. Karibu nusu ya wale wajumbe walikuwa wanamiliki watumwa. Kwenye kuhesabu watu kwa ajili ya viti vya bunge, watumwa wakahesabiwa tatu ya tano. Watu wengi wanasema hapo ndo katiba ilipotamka kwamba mweusi ni tatu ya tano ya binadamu, ila mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine kabisa: wenye watumwa ndo waliotaka wahesabiwe wote kamili, wapate viti vingi, na wapinzani wao wa kaskazini walitaka wasihesabiwe kabisa kwa sababu hawapigi kura. Tatu ya tano ikawa zawadi kwa mabwana, kila mtumwa anayenunuliwa anaongeza uzito wa bwana wake Kongresi. Wakaongeza kwamba biashara ya kuleta watumwa isipigwe marufuku kabla ya 1808, na kwamba mtumwa akitorokea jimbo lingine arudishwe. Na kwenye yote hayo neno mtumwa hawakuliandika hata mara moja, walizungukazunguka, "watu wengine wote". Walijua wanachofanya.

Mtu aliyelisema hili kwa ukali ni Thurgood Marshall, na huyu anatuhusu. Ni mwanasheria mweusi aliyeshinda kesi ya 1954 iliyofuta ubaguzi kwenye shule, na mwaka 1960 Tom Mboya alimwita awasaidie viongozi wa Kiafrika wa Kenya kwenye mkutano wa Lancaster House London, akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya, ikiwa na ulinzi hata kwa mali za walio wachache, Wahindi na Wazungu. 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1987 Wamarekani wakisherehekea miaka 200 ya katiba yao yeye akasimama akasema ile serikali ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na ilihitaji marekebisho, vita vya wenyewe kwa wenyewe na mabadiliko makubwa ya jamii ndo ikafika ilipo. Marekebisho ya 13 ya katiba mwaka 1865 yakafuta utumwa, ya 14 mwaka 1868 yakaleta uraia wa kuzaliwa, ya 15 mwaka 1870 kura kwa wanaume weusi, ya 19 mwaka 1920 kura kwa wanawake. Mimi nasimama na Marshall, kuwasifia waanzilishi kama manabii ni kuwatukana waliokuja kusafisha.

Haya, sasa mashine yenyewe inavyofanya kazi. Wazo la Madison ni kwamba binadamu hatuwezi kuwategemea wawe malaika, kwa hiyo mpe kila mmoja rungu na tamaa yake imzuie mwenzake. Hela iko Kongresi, sio kwa rais, hakuna senti inayotoka hazina bila sheria ya matumizi. Rais anasaini sheria au anaikataa, akiikataa Kongresi inaweza kumpiku ikipata theluthi mbili kila nyumba. Anateua majaji na mawaziri lakini Seneti lazima iridhie. Anajadili mikataba na mataifa lakini Seneti iridhie kwa theluthi mbili, hata Seyyid Said aliposaini mkataba wa biashara na Mmarekani Muscat mwaka 1833, ule uliofungulia meli za Salem njia ya Zanzibar na kitambaa cha merekani, ulibidi kwanza uende Seneti, ikauridhia mwaka uliofuata.

Hapo ndo unaelewa ile habari ya serikali ya Marekani kufungwa. Watu wanasema imefilisika, haijafilisika, hela zipo ila Kongresi haijapitisha kibali cha kuzitumia, kwa hiyo wafanyakazi wengine wanarudishwa nyumbani na wengine, wale wa uwanja wa ndege kwa mfano, wanafanya kazi bila mshahara mpaka wakubwa wapatane. Ile ya kuanzia Oktoba 1, 2025 ilikwenda siku 43. Kwetu Tanzania bajeti ikikataliwa bungeni rais anaweza kulivunja bunge, kule hakuna njia hiyo, wamefungiwa chumba kimoja mpaka waelewane.

Na amri za rais? Amri ya rais sio sheria mpya. Ni maelekezo kwa watumishi walio chini yake namna ya kutekeleza sheria zilizopo au mamlaka aliyopewa na katiba, ikivuka hapo mtu yeyote aliyeumizwa anaenda mahakamani. Mwaka 1952, Marekani iko vitani Korea, rais Truman akaamuru serikali ichukue viwanda vya chuma visisimame kwa mgomo. Mahakama ya Juu ikasema hapana, Kongresi haijakupa ruhusa hiyo, akavirudisha. Cha kuchekesha ni kwamba uwezo wa mahakama kubatilisha sheria haujaandikwa waziwazi kwenye katiba, mahakama yenyewe ndo iliusema kwenye kesi ya Marbury mwaka 1803, na kwa kuwa wengine walikubali kuishi nao ukawa ndo utaratibu. Majaji wa shirikisho wanakaa maisha, mshahara wao hauwezi kupunguzwa, kwa hiyo yule wa Seattle rais hawezi kumfukuza. Alichoangalia yeye ni maneno ya marekebisho ya 14, kwamba aliyezaliwa Marekani na yuko chini ya mamlaka yake ni raia, pamoja na kesi ya 1898 ya kijana aliyezaliwa San Francisco kwa wazazi Wachina. Ila na majaji nao wana wa kuwazuia, Juni 2025 Mahakama ya Juu ikasema majaji wa chini wasiwe wanasimamisha amri kwa nchi nzima kirahisi namna ile, ingawa njia ya kesi ya pamoja ya kundi la watu ikabaki wazi.

Upande wa majimbo ndugu zetu walioko kule wanaujua vizuri kuliko mimi. Ukihama Minnesota kwenda Texas unabadilisha leseni ya gari, sheria za ndoa na talaka ni nyingine, na Texas kuna adhabu ya kifo wakati Minnesota hakuna. Polisi wengi wako chini ya miji na majimbo. Rais anaweza kusamehe makosa ya shirikisho tu, aliyefungwa kwa sheria ya jimbo rais hawezi kumgusa. Na ile haki ya uhuru wa kusema iliyo kwenye marekebisho 10 ya kwanza ya mwaka 1791 inaifunga serikali, haimfungi bosi wako, kampuni binafsi ikikufukuza kwa ulichoposti usikimbilie kutaja katiba.

Mawili mengine nayapita haraka. Kumshtaki rais bungeni sio kumfukuza: Baraza la Wawakilishi linamfungulia mashtaka kwa wingi wa kawaida wa kura, Seneti inamhukumu na lazima ipate theluthi mbili. Wakenya wameona hatua hizo mbili Oktoba 2024 kwa naibu rais Gachagua, yeye alianguka zote. Marekani walishtakiwa Andrew Johnson 1868, Clinton 1998, Trump 2019 na 2021, na hakuna hata mmoja aliyetolewa na Seneti. Na kura za urais hazihesabiwi nchi nzima kwa pamoja, kila jimbo lina wajumbe wa kumchagua rais, idadi yao sawa na wabunge wake ukijumlisha maseneta, Washington mjini nao watatu, jumla 538, mshindi anataka 270, na majimbo 48 yanampa mshindi wajumbe wote hata akishinda kwa kura moja. Ndo maana 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kura karibu milioni 2.9 na akalala.

Swali la mwisho ambalo nalisikia kila siku: Trump anaweza kugombea muhula wa tatu? Marekebisho ya 22, yaliyopita 1951 baada ya Roosevelt kushinda mara nne, yanasema hakuna atakayechaguliwa urais zaidi ya mara mbili. Huku kwetu tumezoea kuona ukomo unaondolewa, Uganda bunge liliufuta 2005, kwa hiyo mtu anaona ni suala la muda tu. Hesabu ya kule ni ngumu zaidi. Theluthi mbili ya kila nyumba ya Kongresi ndo ipendekeze, alafu robo tatu ya majimbo yaridhie, yaani 38 kati ya 50, majimbo 13 yakikataa basi. Ndo maana tangu 1789 yamepita marekebisho 27 tu. Hilo la 27, linalozuia wabunge kujiongezea mshahara kabla uchaguzi mwingine haujapita, Madison alilipendekeza mwaka 1789 likakosa majimbo ya kutosha, likasahaulika. Mwaka 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Texas akaandika kwenye kazi ya darasa kwamba halina tarehe ya mwisho kwa hiyo bado liko hai, akapewa C, akakasirika akaanza kuandikia mabunge ya majimbo barua moja baada ya nyingine. Likapita 1992. Chuo kilimbadilishia ile C ikawa A mwaka 2017.